Jiwe la Ratili Hamsini na Sita

Katika miaka yote niliyofanya kazi naye, sikumwona Mnyapara akiinama kuokota kitu. Akidondosha kibiriti, alikisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka kwenye ukuta wa ghala, akasimama hapo akiangalia reli kana kwamba anangoja treni, hadi mtu apite. "Wewe, nipe hicho kibiriti, kiko karibu na wewe." Akidondosha kofia, ilikuwa hivyo hivyo. Sisi tuliyaona ni maringo. Msimamizi wa watu hawezi kuinama mbele ya watu wake, tulisema, na tukaendelea kumwokotea. Sababu yenyewe niliijua baadaye, wakati ambapo kuijua hakukumsaidia mtu.

Nilikuwa karani wa ghala la mazao pale Itigi, hatua chache kutoka stesheni, katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Magunia ya mahindi, karanga na nyonyo yaliletwa kutoka vijijini, yakapimwa, yakapangwa, na behewa likija wachukuzi waliyapakia. Mimi nilisimama mlangoni na daftari, nikipiga mstari kwa kila gunia linalotoka. Mistari minne, wa tano unakatiza. Yeye alisimama chini ya ubao wa kupandia behewani, mikono nyuma, akitazama migongo.

Nasema migongo kwa sababu ndivyo alivyowaita. Tulikuwa tumeelekezwa kwamba neno kuli ni la kikoloni, watu hawa waitwe wachukuzi, na yeye mwenyewe aitwe msimamizi. Hakuna aliyemwita msimamizi, hata mkewe. Naye hakuwaita wachukuzi. Asubuhi aliniuliza, "Karani, leo tuna migongo mingapi?" Nikimjibu kumi na miwili, aliweza kusema, "Kumi na mmoja. Ule wa Mkumbo umeamka vibaya, nimeuona ukivuka reli." Na kweli Mkumbo angefika akiwa amejishika kiuno kwa siri, mkono ndani ya shati.

Huyo Mkumbo alikuwa mtu wa Ulemo, kule Iramba, mwenye shingo fupi na maneno mengi. Alikuwa amekuja Itigi kwa jambo moja: abebe mpaka apate ng'ombe wa mahari, kisha arudi kwao akalime. Ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote, na ndiye peke yake aliyethubutu kumtania Mnyapara. Mnyapara alikuwa Mnyaturu, yeye Mnyiramba, na wote wawili waliona hiyo ni ruhusa tosha ya kutaniana.

"Mnyapara, kwenu mnapeleka ng'ombe malishoni au ng'ombe ndio wanawapeleka ninyi?"

"Kwetu ng'ombe wana akili. Wakimwona Mnyiramba wanalala chini, wanajua amekuja kuwabeba."

Sasa nieleze jiwe. Mizani ya zamani ya ghala ilipima kwa ratili, na mawe yake yalikuwa vipande vya chuma vyenye mpini juu. Kubwa kuliko yote lilikuwa la ratili hamsini na sita. Ilipoingia kilo na kuletwa mizani mipya, mawe hayo yakakosa kazi. Mengine yaliishia kuzuia milango ya ofisi isipigwe na upepo. La hamsini na sita alilidai Mnyapara, akaagiza liwekwe kwenye ngazi ya ghala, akatangaza kwamba sasa limepata kazi ya heshima.

Kazi hiyo ilikuwa hivi. Kila asubuhi, kabla mlango wa ghala haujafunguliwa, kila mchukuzi alilishika jiwe kwa mikono miwili, miguu ameiachanisha, akalipitisha katikati ya miguu mpaka nyuma, kisha akalirusha mbele hadi usawa wa kifua bila kuliachia. Likirudi, analipokea na kulirusha tena. Mara arobaini. Mimi ndiye niliyehesabu kwa sauti, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Anayefika arobaini anaingia kazini. Anayeliweka chini kabla ya arobaini anarudi nyumbani, na siku yake imekwisha. Hakukuwa na maelezo wala kuombewa na mkubwa yeyote. Niliwahi kumwona mtu mzima, baba wa watoto, akiliweka chini kwenye thelathini na nane. Alisimama kidogo akiliangalia, akavaa shati lake na kuondoka bila kutuaga.

"Usilinyanyue!" Mnyapara alifoka kila asubuhi. "Nani amekuambia ulinyanyue? Lisukume kwa nyonga. Mikono ni kamba tu, kamba haina nguvu. Matako nyuma! Kifua mbele! Unainamia nini, umepoteza sindano?"

Kina mama waliopita na ndoo kwenda kwenye bomba la stesheni walicheka mpaka maji yakamwagika wakati wa kurudi. Mkumbo aliwapungia kwa kidevu, jiwe likiwa hewani. "Shemeji zangu, msicheke, hii ni shule ya watu wazima."

Jambo hili alijifunza wapi? Nilimuuliza mara tatu kwa miaka tofauti, na nikapata majibu matatu. Mara ya kwanza alisema alifundishwa jeshini wakati wa vita vya wazungu. Mara ya pili alisema ni bwana mmoja wa shamba la mkonge ndiye aliyekuwa akifanya hivyo mbele ya nyumba yake kila asubuhi, akiwa na kaptula tu. Mara ya tatu alikasirika, akasema hakufundishwa na mtu, kwani nafikiri Mnyaturu hawezi kubuni kitu? Nimeyaandika yote matatu. Sijui lililo la kweli.

Nitakuwa mwongo nikisema jiwe halikuwa na faida. Kabla yake, wachukuzi waliporudi kutoka behewani jioni walilala kwenye sakafu ya ghala kama mazao, na wengine walishindwa kuamka bila kusaidiwa. Baada ya miezi michache ya jiwe, watu wale wale walimaliza behewa wakiwa wamesimama. Viuno vyao vilikuwa vimekaza. Mtu aliyekuwa akipanda ubao akitetemeka, sasa alipanda akiimba. Mnyapara alilijua hilo na hakuliachia nafasi ya kusahauliwa. "Mgongo ni kama mke wa kwanza," alisema. "Ukimzoesha kazi bila kumheshimu, siku atakayoondoka hatakuaga." Alikuwa na misemo ya namna hiyo kwa kila hali. Mingi ilihusu migongo na michache ilihusu wake, na ilipokutana, mkewe akiwa karibu, alikohoa.

Alikuwa mkali asubuhi na mpole jioni, na mtu asiyemjua angedhani ni ndugu wawili. Kazi ikiisha, alipasha mafuta ya nyonyo kwenye kopo juu ya jiko la mkaa, akawaita mmoja mmoja walale kifudifudi juu ya rundo la magunia matupu lenye kimo cha meza, akawakanda. Vidole vyake vilikuwa vifupi na vigumu. Vilitembea pande mbili za uti wa mgongo pole pole, vikisimama mahali ambapo mwenye mgongo mwenyewe hakuwa amesema panauma.

"Hapa."

"Hapo hapaumi, Mnyapara."

"Najua. Pamechoka. Panapouma pana afadhali, bado panaongea. Mahali palipochoka kabisa hunyamaza. Hapo ndipo pa kuogopa."

Sentensi hiyo niliiandika nyuma ya daftari siku ile ile. Naikumbuka kuliko misemo yake yote, kwa sababu ni yeye aliyeisema, na ilionyesha kwamba alijua.

Tatizo la jiwe nililiona mimi, si kwa akili nyingi bali kwa sababu ya mahali niliposimama. Mtu anayepiga mistari mlangoni siku nzima anaona migongo ikipita mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kwenda na kurudi. Nilianza kuona kwamba siku za behewa zuri, siku za haraka, watu waliotoka kulipiga jiwe muda huo huo na kuingia moja kwa moja kwenye magunia walianza vizuri, lakini mapema mno walibadilika. Waliacha kukunja magoti. Walipolipokea gunia, mgongo ulipinda kama upinde na ndio uliolibeba. Nyuso zao zilikuwa za kawaida, wala hakuna aliyelalamika. Lakini siku ambazo jiwe lilikosekana kwa sababu fulani, mvua labda, au Mnyapara amechelewa msibani, watu hao hao walibeba mpaka jioni wakikunja magoti.

Nikaanza kuandika nyuma ya daftari: siku, jiwe au hakuna jiwe, nani alianza kupinda, kabla ya saa sita au baada. Nilifanya hivyo msimu mzima. Nilimwonyesha pia tabibu wa zahanati, mtu wa maneno machache. Alisoma, akanirudishia. "Misuli ya kiuno ikichoka, mfupa ndio unaobaki na mzigo," alisema. "Huyo mzee wako ana dawa nzuri. Anaitoa saa mbaya tu."

Nilimsomea Mnyapara ukurasa kwa ukurasa, kwani yeye hakujua kusoma. Tulikaa kwenye ngazi, jiwe likiwa kati yetu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo unasema mimi ndiye ninayewachosha."

"Nasema jiwe lipigwe jioni, Mzee. Au siku isiyo na behewa. Asubuhi waingie na nguvu zao zote."

"Na nitamjuaje mvivu asubuhi?"

"Hutamjua."

Treni ya mizigo ilipita, naye akaisubiri ipite yote. "Soma tena pale pa Mkumbo," alisema. Nikasoma: siku saba za jiwe na behewa, siku tano Mkumbo amepinda kabla ya saa sita.

Kesho yake jiwe lilihamishiwa jioni. Hakueleza sababu, na wachukuzi hawakuuliza, wakiogopa lisije likarudi. Wiki hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoziona pale. Mkumbo alisema ng'ombe wake wa mwisho sasa anamwona kwa macho, amebakiza kuja tu, na kwamba baada ya mavuno anakwenda Ulemo harudi tena, tutamkosa tutalia. "Nani atakulilia?" Mnyapara alimuuliza. "Nitachinja mbuzi." Lakini alikuwa akitabasamu, na jioni alimkanda muda mrefu kuliko wengine.

Kisha akaja mgeni kutoka mkoani.

Sina neno baya la kusema juu ya mgeni yule. Alikuwa mtu mchangamfu, amevaa suti ya kaki, amesikia kwamba wachukuzi wa Itigi wana mazoezi yao waliyoyabuni wenyewe, bila vyombo vya kutoka nje, kwa chuma kilichotupwa. Alisema hiyo ndiyo kujitegemea yenyewe, na kwamba amekuja kuona kwa macho yake ili akawasimulie wengine. Ilikuwa asubuhi. Behewa lilikuwa limeshasogezwa kwenye ubao, na lilitakiwa liwe limejaa kabla ya treni ya alasiri.

Nilimtazama Mnyapara, naye akanitazama, kisha akalitazama daftari langu. Najua aliona nilichokuwa nikifikiri. Sijawahi kuwa na shaka juu ya hilo. Maisha yake yote alikuwa amesimama chini ya ubao, na hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza anachojua. Sasa mkubwa alikuwa amesimama mbele yake na kumwita ndugu mwalimu.

Akainua kidevu. "Karani, hesabu."

Nikahesabu. Nilipofika arobaini mgeni alipiga makofi, akauliza kama hapo ndipo mwisho wao.

"Mwisho ni wa nani, Ndugu?" Mnyapara alijibu. "Hawa hawana mwisho."

"Basi ongezeni! Ongezeni kidogo tuone!"

Mkumbo alikuwa ndiye mwenye jiwe. Nilihesabu hamsini, sitini. Aliporusha la sabini, niliona jiwe halifiki tena kifuani, linaishia tumboni, na mgongo umeanza kupinda. Mnyapara naye aliona, maana ndiye aliyenifundisha kuona. Nilihesabu mpaka themanini. Wengine nao wakafikishwa hapo hapo, au karibu na hapo, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana mvivu mbele ya mkoa. Mgeni aliwashika mikono wote, akaingia garini. Mlango wa ghala ukafunguliwa.

Karibu na saa tano Mkumbo alisimama mbele yangu akingoja gunia lake. Alikuwa anatoka jasho, lakini uso wake ulikuwa mtulivu.

"Karani, unajua leo mgongo wangu hauumi hata kidogo?"

"Hauumi?"

"Hata siusikii. Nadhani umepanda gari la mgeni, umekwenda Singida kutembea."

Wenzake wawili wakacheka, wakamtwika gunia la mahindi. Nilikuwa nimeshaandika msemo ule wa Mnyapara kwa mkono wangu mwenyewe: palipochoka kabisa hunyamaza. Niliujua. Nikapiga mstari wa gunia lake, wa nne, na alikuwa ameshaondoka.

Alianguka katikati ya ubao. Hakuteleza. Nilikuwa namwangalia. Alipanda hatua tatu, kiuno kikakatika kama kitu kilichokuwa kimeshikwa na uzi, akashuka chini ya gunia akiwa amekaa. Hakupiga kelele. Mnyapara ndiye aliyefika wa kwanza, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza na ya mwisho akiinama. Aliinama kulivuta gunia, na akabaki hivyo hivyo, ameinama, hawezi kurudi juu, mikono imeshika gunia na jasho linamtoka puani. Tuliwabeba wawili.

Niliijua sababu usiku ule ule? Hapana, ilikuwa siku ya tatu ndipo mkewe aliponieleza, nilipokwenda kumjulia hali. Alikuwa akimfunga mshipi wa ngozi ya ng'ombe kiunoni, mpana kama kiganja na nusu, akiukaza kwa goti. "Huu anao tangu kabla hatujaoana," alisema. "Alivunjika mgongo akiwa kuli, kijana kabisa. Kila asubuhi namfunga, kila jioni namfungua. Ninyi hamkujua?"

Mnyapara alikuwa amegeukia ukutani. "Nyamaza, mama," alisema. "Karani anaandika kila kitu."

Mkumbo alipelekwa hospitali, kisha akarudishwa kwao Ulemo kwa dada yake. Aliweza kusimama kwa fimbo na kutembea mpaka mlangoni. Hakuweza kukaa kwa muda mrefu, hakuweza kushika jembe, na usiku dada yake alimgeuza ubavu kwa ubavu. Ng'ombe aliowapata walikwenda mmoja mmoja kwenye matunzo yake. Mwanamke aliyekuwa akimngoja alingoja msimu mmoja na nusu, kisha akaolewa. Hakuna anayeweza kumlaumu.

Ghalani ilisemwa kwamba ni ajali, ubao ulikuwa mbovu. Ubao ulibadilishwa. Mnyapara alirudi baada ya miezi miwili, akasimama mahali pake, mikono nyuma. Jiwe halikupigwa tena, asubuhi wala jioni, na hapo ndipo alipokosea mara ya pili, kwa sababu bila jiwe kabisa viuno vya wale watu vililegea tena, na kufikia msimu uliofuata walikuwa wakilala kwenye sakafu kama zamani. Nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Andika tu, Karani," alisema.

Wakati wa kuhamia vijijini alipelekwa Mitundu. Watu waliambiwa wapakie kwenye lori vitu vya lazima tu. Mkewe alichukua sufuria, jembe, na godoro. Yeye aliomba wanaume wawili wampandishie jiwe. Kijiji kipya kilisikia sifa zake, na mwenyekiti akamtaka awafundishe mgambo zoezi lile. Alikataa. Walimwomba mbele ya mkutano, akasema hajui zoezi lolote, wamemfananisha na mtu mwingine. Jiwe wakati huo lilikuwa mlangoni pake, likimzuia mbuzi aliyefungwa kwenye mpini wake.

Mimi nilihamishiwa Kiomboi, na kwa hiyo nikawa karibu na Ulemo. Nilikwenda kumwona Mkumbo kila nilipopata nafasi. Shingo yake ilikuwa bado fupi, lakini maneno yalikuwa yamepungua. Siku moja, nikijiandaa kwenda Itigi na Mitundu kwa shughuli zangu, nilimuuliza kama ana salamu kwa Mnyapara. Alifikiri sana.

"Anajua?" aliuliza.

"Anajua nini?"

"Karani, usinifanye mtoto. Mlikuwa mmeshalihamisha jiwe. Mlilihamisha kwa sababu. Halafu mkalirudisha kwa siku moja, siku ile. Nimelala hapa miaka, nina muda wa kufikiri. Anajua?"

"Anajua."

"Basi mwambie aje mwenyewe aniambie. Sitaki barua wala wewe. Akija, yatakwisha. Asipokuja, mwambie nimebaki hivi."

Ndiyo salamu niliyobeba mpaka Mitundu.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, amesimama, ameegemea nguzo. Kukaa kulikuwa kumemshinda, na mkewe, aliyekuwa akimfunga mshipi, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Sasa aliufunga mwenyewe, umelegea. Nywele zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Karani. Migongo mingapi leo?"

"Miwili, Mzee. Wako na wangu."

Alicheka kidogo, akajishika. Nikampa salamu neno kwa neno, kama nilivyozipokea. Nilipofika kwenye "akija, yatakwisha," alinizuia kwa mkono nirudie. Nikarudia.

"Alisema yatakwisha?"

"Alisema hivyo."

Midomo yake ilianza kutembea. Nilijua anachofanya: anaipanga safari. Lori mpaka Itigi. Basi mpaka Singida. Basi jingine mpaka Kiomboi. Kisha Ulemo. Kila kipande ni kukaa, na barabara zile tunazijua.

"Na yeye hawezi kuja?"

"Hawezi kukaa kwenye basi, Mzee."

"Hata mimi." Alilisema kama mtu anayesoma kipimo kwenye mizani. "Kwa kiuno kile kile."

Nikamwambia kwamba ninaweza kuandika, yeye aniambie nami nimpelekee. Alitikisa kichwa. "Amesema hataki barua. Ana haki." Kisha akajiondoa kwenye nguzo. "Lori la Itigi linasimama pale barabarani. Nikifika pale kwa miguu, nitaweza kupanda. Nikiweza kupanda, labda nitaweza na mengine. Nipe fimbo. Karani, hesabu."

Nilidhani nimesikia vibaya, lakini alikuwa ameshanyoosha mguu. Nikahesabu hatua zake kwa sauti, kama zamani, nikitembea kando yake bila kumshika, maana alinikataza. Alipita mbuzi, akapita jiwe. Kumi. Alikuwa amenyooka vizuri, kifua mbele. Kumi na tano. Hapo mshipi ulianza kushuka, na mgongo ukaanza kupinda pole pole, namna ile ile niliyoiona kwa msimu mzima nikiwa mlangoni. Ishirini. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Ishirini na sita.

Alisimama. Barabara ilikuwa inaonekana, na mtu mmoja alikuwa amekaa pale na kikapu akingoja lori.

"Ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na sita, Mzee."

"Mgongo unauma?" niliongeza.

"Hauumi hata kidogo," alisema.

Nilisubiri aniombe bega langu. Aliitazama barabara. Kisha akageuka, bila kuambiwa na mtu, akaanza kurudi nyumbani.